Babu Niliyejizulia

Habari hii nimekaa nayo miaka zaidi ya 50, na lau si mjukuu wangu ningekwenda nayo kaburini. Yeye ni mwanafunzi wa fasihi chuo kikuu. Likizo iliyopita alikuja kwangu Tanga na begi la vitabu, akaniambia kwamba ameamua kuandika juu ya usasaleo na utafutaji wa utambulisho katika riwaya za watu wa jamii ndogondogo. Nilimwomba aniambie kwa Kiswahili cha nyumbani. Akacheka, akasema: "Babu, ni hivi. Watu waliong'olewa kwao, au waliozaliwa kati ya makabila mawili, wanapoandika hadithi wanajiuliza sisi ni nani. Na usasaleo unasema jibu si moja."

Nikamwambia hilo nimelielewa. Kisha akasema neno lililonikata maini. Alitaka kuanza maandishi yake kwa habari ya ukoo wetu wenyewe, na kwa hiyo anakusudia kwenda Pangani, avuke mto mpaka Bweni, alitafute kaburi la babu yangu aliyekuwa nahodha, alipige picha.

Ndugu msomaji, kaburi hilo halipo. Wala nahodha huyo hajapata kuwako. Nilimzua mwenyewe nikiwa mtoto wa chuoni.

Mimi nimezaliwa Kwamkoro, katika milima ya Usambara ya mashariki, juu ya Muheza, huko ambako ukungu hushuka mpaka mlangoni na mashamba ya chai yanapakana na msitu mkubwa. Wajerumani walipofika walijaribu kahawa, haikuwafaa. Mwaka 1902 wakafungua pale Amani chuo chao cha utafiti wa mimea, wakaleta miti kutoka kila upande wa dunia. Baadhi ya miti hiyo ilikufa. Mingine iliota vizuri mno, hata ikaingia msituni na kuwasonga wenyeji. Chai ilikuja kutawala baadaye, na chai inataka mikono. Wenyeji, yaani Wasambaa na Wabondei, wengi wao walikuwa na mashamba yao ya migomba na iliki, hawakuwa na haja ya kuchuma chai ya mtu. Basi mikono ikaletwa kutoka mbali.

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa katika mikono hiyo. Alikuwa Mbena wa upande wa Njombe. Aliandikwa kazi ya mkonge angali kijana, akaletwa Tanga pamoja na wenziwe, na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao bali alipanda mlimani kuchuma chai. Watu hao wakiitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa na namba yake. Alikuwa na kipande, ile kadi iliyopigwa alama kila siku ya kazi, na zikitimia siku 30 ndipo mtu hupata mshahara wake. Kipande chake nilikiona. Palikuwa na namba na jina moja tu, tena limeandikwa vibaya na karani, na baba hakuwahi kulisahihisha. Alisema karani amekwisha andika, na mshahara unakuja kwa jina hilo.

Pale Kwamkoro alisilimu kwa mkono wa mwalimu wa msikiti wetu, akamwoa mama yangu, Msambaa. Alikuwa mtu wa maneno machache, hodari wa kazi, asiyekosa swala ya alfajiri hata katika baridi ya mwezi wa Julai. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kwao mpaka siku aliyokufa, na akifurahi au akishtuka, salamu ya kwanza kumtoka ilikuwa ya Kibena: "Kamwene!"

Nilipofika umri wa miaka 11 nilipelekwa Tanga mjini nisome. Nilikaa Ngamiani kwa mzee mmoja aliyekuwa akinunua iliki kwa mjomba wangu. Asubuhi nikienda shule, alasiri chuoni. Siku ya kwanza chuoni mwalimu aliniuliza jina langu, nikamwambia. "Bin nani?" Nikamtaja baba. "Bin nani?" Nikamtaja baba yake baba, nalo lilikuwa jina la Kibena, halina Abdallah wala Salimu ndani yake. Watoto wote wakaangua kicheko. Mwalimu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, aliwakemea vikali, akasema kwamba babu wa Masahaba wangapi walikuwa na majina ya jahiliya na hapana aliyewacheka. Lakini kicheko kilikuwa kimekwisha ingia sikioni mwangu, hakikutoka tena.

Tangu siku ile nikaanza kujenga. Kwanza nilisema lile lilikuwa jina la utani. Kisha nikasema babu yangu khasa ni mtu wa Pangani. Baada ya mwezi akawa nahodha. Nilimpa jahazi, nikampa ndevu nyeupe na bakora yenye kichwa cha fedha, nikamsafirisha Unguja na Lamu, kisha nikamwua kwa homa na kumzika Bweni, ng'ambo ya mto, chini ya mkwaju. Jina nililompa sitalitaja hapa, kwani lina wenyewe. Uongo mzuri ni kama nyumba ya udongo. Kila mvua ikinyesha huna budi kukandika upya, na mwisho hujui tena ni ukuta upi wa mwanzo.

Sasa naja kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa mwaka 1967, nami nina miaka 14. Jioni moja tumekaa barazani, mimi na vijana wenzangu watano au sita, watoto wa watu wa mji. Nikaona kwa mbali mtu anakuja na kikapu kichwani, miguu ina vumbi, shati lake la kazi lina madoa ya majani ya chai. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamwona uso. Alikuwa ameteremka mlimani siku ile ile, amebeba ndizi, iliki na pakiti ya majani ya chai kwa ajili ya mwenyeji wangu. Alipotufikia uso ulimchangamka, akasema: "Kamwene!"

Vijana wakatazamana. Mmoja akaniuliza: "Nani huyu?"

Nikasema: "Ni mtu wa shamba la kwetu. Baba amemtuma mzigo."

Alisikia. Tulikuwa karibu kama mimi nilivyo karibu na karatasi hii. Akakiteremsha kikapu polepole, akakiweka penye kizingiti, akawaambia wale vijana kwa Kiswahili chake kizito: "Ndiyo, mimi nimetumwa. Baba yake anamsalimu." Kisha akanitazama, si kwa hasira, akasema: "Baba yako amesema usome sana." Akaondoka. Hakunywa hata maji.

Aliishi miaka 17 baada ya siku ile, akafa mwaka 1984. Hakulitaja jambo hilo hata mara moja, wala mimi sikulitaja. Nilipooa, alikuja harusini akakaa nyuma. Nilipopata watoto, niliwahadithia juu ya nahodha, na yeye yupo, anasikiliza, anakunywa chai yake. Watoto wangu wakakua na nahodha, wakawahadithia wao. Hivyo ndivyo mjukuu wangu alivyotaka kwenda Bweni na kamera.

Usiku ule sikulala. Kulipokucha nilimwita nikamweleza kila kitu, kama nilivyokuelezeni. Nilitaraji atalia au atakasirika. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, na nadhani alikusudia kunipoza: "Lakini Babu, kwa nadharia hii tunayosoma, hilo si lazima kuliita uongo. Ni masimulizi. Kila mtu hujitungia asili yake."

Hapa sina budi kueleza kidogo nadharia yenyewe, maana nimezisoma karatasi zake siku zile na sikutoka mikono mitupu. Mfaransa mmoja, Jean-François Lyotard, aliandika kitabu mwaka 1979 akasema kwamba watu wa zama hizi wameacha kuyaamini masimulizi makuu, yaani zile hadithi kubwa zinazodai kueleza kila kitu kwa mpigo mmoja, kama vile hadithi kwamba elimu ya Ulaya inawapeleka wanadamu wote kwenye maendeleo. Panapovunjika hadithi kubwa hujitokeza hadithi ndogondogo, za watu waliokuwa pembeni, kila mmoja na lake. Mwislamu hawezi kulipokea jambo hili zima zima, kwani sisi tunayo haki moja tunayoiamini. Lakini mtu wa pwani aliyesikia wakoloni wakimweleza yeye ni nani, naye akijua sivyo, hawezi kusema hapana kitu humo.

Mjukuu wangu alinipa kwanza riwaya za Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, aliyekwenda Uingereza akiwa na miaka 18 baada ya Mapinduzi, akaandika huko kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mtakumbuka kwamba habari ilipotangazwa, watu kwetu walianza kubishana: ni wetu au si wetu? Mimi nilikuwa katika waliosema si wetu. Nimeyafuta maneno hayo.

Kitabu chake cha mwaka 1994, Paradise, kimefasiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis, kikatoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi. Nilikisoma kwa siku tatu. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, kwa kuwa baba yake kijana ana deni lisilolipika, na mtoto amewekwa rehani. Anayejua Sura ya Nabii Yusuf atasikia mwangwi wake humo kila mahali. Yusuf amezoea kumwita tajiri yule ami yake, mpaka kijana mwenziwe, Khalil, anamkanya: yule si ami yako. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Yeye aliambiwa kwamba mgeni si jamaa yake. Mimi niliwaambia watu kwamba baba yangu ni mgeni.

Kingine ni By the Sea, cha mwaka 2001. Mzee wa Unguja, Saleh Omar, anafika uwanja wa ndege Uingereza kuomba hifadhi akiwa na kijisanduku cha udi na pasi yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban, ambaye walikuwa na ugomvi mkubwa wa nyumba. Mtoto wa yule mwenye jina yuko huko huko Uingereza, na hatimaye wanakutana, wanakaa, kila mmoja anasimulia ugomvi ule ule kama alivyoujua yeye, na havilingani. Huo ndio usasaleo aliousema mjukuu wangu: hapana msimulizi mmoja anayeshika hadithi yote. Lakini angalieni jambo ambalo yeye hakuliona mpaka nilipomwonyesha. Wale wawili hawasemi kwamba kila hadithi ni sawa na nyingine. Wanakaa siku baada ya siku wakisahihishana, kwa sababu kuna mtu aliyedhulumiwa nyumba, na kuna jina lililochukuliwa.

Ziko na riwaya za ndugu zetu wenye asili ya Kihindi. M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 akakulia Dar es Salaam, na baadaye akahamia Kanada, alitoa mwaka 1989 kitabu kiitwacho The Gunny Sack, yaani gunia. Mtu anarithi gunia kuukuu, na kila kitu anachokitoa ndani kina kisa chake. Katika visa hivyo mna mfanyabiashara aliyetoka Bara Hindi akazaa mtoto na mtumwa wa Kiafrika, mtoto akapotea, na baba akazitumia hata fedha za jamaa zake kumtafuta, mpaka akauawa. Baba aliyejiangamiza kumtafuta mtoto asiyekuwa wa rangi yake! Nami nilikuwa na baba aliyeshuka mlima kwa miguu yake kunitafuta mimi.

Wala tusidhani mambo haya yameanza juzi huko Ulaya. Hapa hapa Usambara tunacho kitabu cha Habari za Wakilindi, alichokiandika Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi na watawala wa Kikilindi na kuyasikia masimulizi ya wazee. Kilipigwa chapa kwanza na wamisheni wa Magila, na mwaka 1962 kikatolewa tena Nairobi. Ni habari za Mbegha, mtu wa Ngulu. Alikuwa kigego, yaani meno yake ya juu yalitangulia, kwa hiyo jamaa zake wakamwona mkosi na kumnyima urithi. Akakimbia, akawa mwindaji wa nguruwe mwitu (wasomaji wanisamehe kumtaja), akawagawia Wasambaa nyama, akaua simba, mwisho wakamtawaza Vugha. Mfalme wa Usambara alikuwa mgeni aliyekataliwa kwao. Mama yangu alinihadithia kisa hicho mara nyingi, na sasa natambua kwa nini alikuwa akinihadithia baba akiwepo. Naye Shaaban Robert, fahari ya Kiswahili, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga hii yetu mwaka 1909, alikuwa Mwislamu, na jina la Robert alilitumia bila kuona haya, ilhali nasaba yake inatajwa kwa Wayao. Mimi nilikuwa nikizisoma tungo zake chuoni na kuzisifu, wala sikufikiri kwamba mwenye tungo naye angeweza kuulizwa "bin nani".

Basi nilimjibu mjukuu wangu hivi. Nilimwambia: mwenye kutunga riwaya anakwambia tangu jalada kwamba ni riwaya, na msomaji anakubali. Mimi sikuwatungia watu riwaya. Nilimfuta mtu aliye hai akiwa amesimama mbele yangu na kikapu. Dini yetu imelisema jambo hili waziwazi. Zaid bin Haritha alilelewa na Mtume (S.A.W.), na baba yake alipokuja Makka kumkomboa, Zaid alichagua kubaki kwa Mtume, watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Hakika hapakuwa na jina tukufu kuliko hilo. Lakini iliposhuka aya katika Suratul Ahzab ya kuamrisha watu waitwe kwa baba zao, alirudishiwa jina la Haritha. Na aya hiyo hiyo inawaangalia wasiojulikana baba zao, kwamba hao ni ndugu katika dini. Mtume ameonya kwa ukali juu ya mtu anayejinasibisha na asiye baba yake hali anajua. Hali anajua; maneno haya mawili sikuyapatia njia ya kuyakwepa, nami nimeyatafuta tafsirini kwa miaka.

Akaniuliza: "Na wale vijana waliocheka?" Swali zuri. Kuzitia ila nasaba za watu nako ni katika mambo ya jahiliya, na miji yetu ya pwani imekubuhu katika hilo. Tumewaita watu wa bara kwa majina tunayoona haya kuyatia katika gazeti, tukawa tunawauliza watoto "bin nani" kama afisa wa uhamiaji. Lakini hilo halinitoi mimi katika langu.

Tulikwenda Kwamkoro siku ya Alhamisi. Kutoka Muheza gari inapita Zigi kisha inapanda kona baada ya kona, na mbega wanarukaruka juu ya miti. Msitu huo tangu mwaka 1997 ni hifadhi ya Amani. Mjukuu wangu hakuwa amefika hata mara moja. Tulilipata kaburi la baba kando ya msikiti, tukawatolea salamu wenye makaburi, tukasoma tulichojaaliwa. Aliniacha peke yangu kitambo, naye akaenda kutazama chai.

Aliporudi aliuliza jambo ambalo nilikuwa nikiliogopa njia nzima. "Babu, na yule babu yako wa kweli? Aliitwa nani?"

Nilifungua kinywa, hapakuja kitu. La nahodha nalijua, na la jahazi lake, na rangi ya tanga lake. La babu yangu nililitamka mara moja tu mbele ya watu, mwaka 1964, na kilichobaki masikioni ni kicheko.

Palikuwa na bibi mmoja kambini, mchuma chai wa zamani, macho yamemwingia ukungu. Aliletwa na mumewe kutoka Njombe na hakurudi tena. Tulikaribishwa ndani, tukapewa chai ya rangi yenye iliki. Nilipomtajia mimi ni mtoto wa nani alinishika mkono akaupapasa, akasema: "Kamwene, mwanangu." Nikaitika. Nikamwuliza kama baba alipata kumwambia ni mtoto wa nani huko kwao.

Akasema Wabena wakikutana ugenini, hilo ndilo wanaloulizana kwanza. Kisha akalitaja jina, la babu na la baba yake babu, na la kijiji, bila kufikiri, kama mtu anayetaja siku za juma.

Mjukuu wangu alikuwa na kalamu. Aliyaandika yote matatu. Nikamwomba anisomee. Akasoma. Nikamwomba anisomee tena.